Traquair House Ale na Jacobite Ale: tumezionja Paje, na tafadhali usizigandishe

Baa yoyote ya Tanzania ukiagiza bia swali la kwanza ni "ya baridi au ya moto?" na hapa Unguja, hasa huku mashariki kwenye mchanga na jua, tisa kati ya kumi watasema ya baridi, na wanataka baridi ya kukata meno. Sasa hizi bia mbili ninazozisema leo hazitaki baridi hiyo na hazitaki moto pia, na hilo ndo jambo kubwa nataka ulishike hata kama huna muda wa kusoma mpaka chini. Nimeshuhudia chupa imetoka kwenye friza, mtu kapiga funda mbili kasema hamna kitu hapa, tamu tamu tu afu inaisha, glasi ileile ikakaa mezani kama nusu saa hivi akairudia akawa anauliza nani kaibadilisha.

Mi ni mtu wa kaunta. Kwetu Rombo, ila Paje nimeshakaa mpaka nimeanza kusema "yakhe" bila kujijua. Kuna mgeni wetu mmoja, mzee wa Kiskoti, huwa anakuja kipupwe upepo wa kusi ukiwa mzuri, na kila akikaa kaunta ananinanga kwamba nauza bia za rangi moja tu. Kweli kabisa, ukiangalia friji letu Kilimanjaro, Safari, Serengeti, Castle Lite, zote laga, zote za dhahabu, tofauti ni lebo na mazoea. Basi akaahidi atanionyesha bia ya kwao, na safari hii akaja nazo kwenye begi, zimeviringishwa kwenye mataulo na soksi, hakuna hata moja iliyopasuka. House Ale kadhaa na Jacobite kadhaa, chupa ndogo ndogo za mililita 330.

Nikasubiri kaunta ifungwe tukakaa nyuma: mimi, mwenzangu wa zamu, dada wa mapokezi ambaye ni mtu wa Mwanza na habanduki kwa Safari, na mpishi wetu ambaye ni Mpemba, hanywi wala hajawahi, ila nilimuomba anisaidie pua tu maana pua ya yule bwana kwenye viungo sijaona mfano wake. Akakubali. "Kunusa tu, yakhe, ukinisogezea glasi mdomoni naondoka."

Kwanza niseme zinatoka wapi maana hadithi yenyewe ni nusu ya utamu. Traquair ni jumba, sio kiwanda. Lipo karibu na mji mdogo unaitwa Innerleithen, kusini mwa Edinburgh, na watu wanaishi humo tangu mwaka 1107, wenyewe wanalitaja kama nyumba kongwe kuliko zote Uskoti ambayo bado inakaliwa na watu. Zamani jumba kubwa kama hilo lilijipikia bia yake lenyewe, ya wenye nyumba na ya wafanyakazi. Malkia Mary wa Uskoti alipita hapo 1566 na bia ilikuwepo. Baadae ule utaratibu ukafa, chumba cha kupikia kikageuka stoo ya makorokoro, mpaka 1965 mwenye nyumba wa wakati huo, Peter Maxwell Stuart, alipotoa takataka akakuta vyombo vya kale bado vipo, akaamua aanze kupika tena. Alivyofariki 1990 binti yake Catherine akashika usukani na ndo yupo mpaka leo. Bia inachachukia kwenye mapipa ya mwaloni, sio matangi ya chuma kama tulivyozoea, na pishi lenyewe ni dogo kwa hiyo usitegemee kuikuta kila mahali hata hukohuko kwao.

Kuna habari ya geti pia. Lile jumba lina geti kubwa lina sanamu za dubu, mwaka 1745 Prince Charles Edward Stuart alipita akielekea kupigania kiti cha babu zake, mwenye nyumba akalifunga nyuma yake akaapa halifunguliwi mpaka mtu wa ukoo wa Stuart akalie kiti cha ufalme. Jamaa akashindwa vita. Geti halijafunguliwa mpaka leo, wanapita njia ya pembeni. Hiyo Jacobite Ale ilitengenezwa 1995 kukumbuka miaka 250 ya vita hiyo, Jacobite ndo walikuwa wanaitwa waliomuunga mkono. Mzee alivyosimulia hiki kisa dada wa mapokezi akasema hao wana kisirani kuliko shangazi yake.

Haya, glasi sasa.

Nilianza na House Ale, ina pombe asilimia 7.2. Tulitumia glasi za waini, zile pana za mdomo uliobana kidogo, na nakushauri ufanye hivo hivo maana kwenye glasi refu ya bia harufu inapaa inaisha. Rangi ni kahawia iliyokolea, ukiinyanyua kwenye taa inatoa wekundu pembeni. Povu lipo lakini halina makeke, jembamba, rangi ya maziwa yenye chai, linashuka haraka linabaki duara kwenye ukingo. Kama wewe ni wa kuhukumu bia kwa povu utaidharau mapema bure.

Nikampa mpishi anuse. Akafumba macho, akanusa, akarudia. "Hii yanukia tende. Tende zilizochemshwa, halafu sukari ikaanza kushika chini ya sufuria." Sina cha kuongeza hapo kwa kweli, nimesoma maelezo mengi ya bia na hamna lililonifikisha pale kwa haraka hivyo. Ndo ilivyo, tende na zabibu kavu, sukari iliyoungua kidogo, mkate wa kahawia, na nyuma yake kwa mbaali kuna harufu ya ubao, naamini ndo ule mwaloni.

Mdomoni ni nzito. Hapa ndo nilikumbuka mbege ya nyumbani, sio kwa ladha maana mbege ina uchachu na ndizi, nazungumzia ule unene, ile hali ya kwamba unakunywa nafaka na sio maji yaliyopitishwa kwenye nafaka. Kwetu kimea, yaani nafaka iliyooteshwa ikakaushwa, ni cha ulezi, kwao ni cha shayiri, lakini kote huko kimea ndo bwana harusi. Kwenye laga zetu kimea kimefichwa, kazi yake ni kuleta pombe na rangi afu kikae kimya, uburudishaji ndo unatafutwa. Hizi eli (ndo hizo "ale") za Kiskoti kimea kinaongea mwanzo mpaka mwisho na hopsi, yale maua yanayotia uchungu, yanawekwa kidogo tu kuzuia utamu usizidi. Kwa hiyo ukitegemea uchungu hutaupata. Unachopata ni utamu unaoanza kwa nguvu, karibu useme hii itanishinda, afu katikati unakauka wenyewe taratibu, mwisho ulimi unabaki mkavu na una hamu ya funda lingine. Huo ukavu wa mwishoni ndo ulionifanya niiheshimu. Kupika bia tamu sio kazi, kazi ni kuifanya isichoshe.

Kitu kingine ambacho wengi wanakosea, hata mimi wageni wameniuliza: kwa vile ni ya Uskoti watu wanategemea moshi, wanafikiria wiski za kisiwa cha Islay kama Laphroaig zinazonuka kama umekaa jikoni kwenye kuni. Hamna moshi hapa. Wapo wapishi wa bia hasa Marekani wanaotia kimea cha moshi ili iwe "ya Kiskoti" zaidi, lakini huu mtindo wenyewe wa asili hauhitaji hayo. Ukisikia moshi kwenye eli ya Kiskoti ni uamuzi wa mpishi, sio kabila la bia.

Jacobite sasa, asilimia 8. Hii nilikuwa naisubiri kwa hamu kuliko ile kwa sababu moja, wanatia mbegu za giligilani. Jamani, sisi tunaoishi kisiwa cha viungo tunaambiwa kuna bia ya giligilani, utaacha kusisimka? Rangi imezidi ya kwanza kwa giza, karibu nyeusi, povu limekolea zaidi. Harufu ina chokoleti na kitu cha majani majani, cha dawa kidogo, sio vibaya. Nikampelekea mpishi, tukamsubiri kama tunasubiri matokeo ya mtihani. Akanusa upande huu, akanusa upande ule. "Giligilani gani? Hawa wameipitisha mlangoni tu wakaitoa."

Tulicheka sana, ila nikimtetea mzungu wa watu, mpishi wetu anakaanga giligilani nzima kila siku, pua yake imezoea kipimo cha pilau. Mimi niliiona, ipo mwishoni ukishameza, inapita kama ubaridi fulani wenye harufu ya ganda la limau, inasafisha mdomo. Mwenzangu wa zamu aliipenda hii kuliko House Ale, anasema ina mambo mengi. Mimi hapana. Yale mambo mengi yanagombania nafasi, chokoleti iko hapa, dawa iko pale, utamu uko juu yao wote, na ule ukavu mzuri wa mwishoni nilioupenda kwenye House Ale hapa umepungua. Ni bia nzuri, sikatai, ukinipa naimaliza. Ila ukiniwekea zote mbili mkono unaenda kwa House Ale bila kufikiria.

Dada wa mapokezi yeye alionja zote akarudisha glasi kwa adabu zote, "kaka hii ni dawa ya kikohozi, nipe Safari yangu." Na namuelewa. Kama bia kwako ni kitu cha kukata kiu baada ya kazi, hizi zitakukera, hazikati kiu hata kidogo, zinaongeza.

Tena tusidanganyane na udogo wa chupa. Nilipiga hesabu pale pale kwenye karatasi ya bili: mililita 330 za Jacobite kwa asilimia 8 unapata kama mililita 26 za pombe tupu. Safari ya nusu lita kwa asilimia 5.5 unapata 27 na nusu. Yaani hiyo chupa ndogo ya Jacobite inakaribia kabisa Safari kubwa, na House Ale moja inazidi Kilimanjaro ya nusu lita yenye asilimia 4.5 kwa kitu kidogo, 23.8 kwa 22.5. Mtu akikuambia "nimekunywa vichupa viwili tu" mnyang'anye ufunguo wa pikipiki. Barabara ya Paje kwenda mjini usiku ina ng'ombe, ina watalii wa skuta, haihitaji na wewe uongezeke.

Kwao Waskoti wenyewe walikuwa na njia yao ya kupima ukali, na hii mzee aliieleza vizuri. Karne ya 19 huko bia ziliitwa kwa bei ya pipa, shilingi 60, shilingi 70, shilingi 80, kadri inavyopanda ndo inavyokuwa nzito. Shilingi wenyewe wakaziacha 1971 walipobadilisha hela, lakini majina yakabaki na mpaka leo zipo bia za pampu zinaitwa 80 shilingi. Mwenzangu akauliza kwa shilingi 80 yetu leo unapata nini, nikamwambia hata kizibo hupati. Zile nzito kuliko zote ndo familia ya hizi zetu. Kuna nyingine ya familia hiyohiyo inaitwa Wee Heavy ya kiwanda cha Belhaven, asilimia 6.5, nimewahi kuionja kwa mgeni mwingine zamani, ni laini zaidi na nyepesi, kwa mtu anayeanza ingekuwa bora aanze na hiyo.

Turudi kwenye baridi maana nimesema ndo jambo lenyewe. Joto zuri la hizi bia ni nyuzi 12 au 13 hivi, hapo ndo harufu zinafunguka. Friji ya baa inakaa nyuzi 3 au 4, friza usiseme. Na "ya moto" ya Zanzibar sio ya moto ya Moshi, chupa iliyokaa rafu ya Paje mwezi wa pili ina nyuzi 30 na ushee, ukiifungua hiyo unakutana na spiriti tupu puani na utamu unaonata kwenye meno. Kwa hiyo wale wazee wanaoagiza ya moto na sisi tunawacheka, wana nusu ya ukweli, tatizo ni pwani tu. Nilichofanya: chupa kwenye friji ya kawaida mpaka ipoe vizuri, toa, mimina glasi nusu, acha. Kipupwe usiku ukiwa na upepo subiri dakika 20 hivi, kaskazi dakika 10 zinatosha kabisa, kuchelewa hapo ni hasara. Funda la kwanza lipige mapema kidogo, la katikati utaliona limebadilika, la mwisho ndo lina tende zote za mpishi wetu. Ukiwa na haraka kunywa kitu kingine.

Chakula. Hapa tulijaribu vitu kwa siku tofauti tofauti na matokeo hayakuwa niliyotegemea. Mishkaki ya ng'ombe yenye mafuta kidogo, iliyoungua pembeni, na House Ale, hiyo ni ndoa, ule mwunguo wa nyama na ile sukari iliyoungua vinashikana mkono. Pilau ya nyama nayo nzuri, mdalasini na karafuu zinaamsha matunda makavu. Korosho za kukaanga zenye chumvi safi sana, na hii ndo rahisi kuliko zote. Pweza wa nazi hapana, nazi ikikutana na huu utamu kinywa kinakuwa kizito mpaka unatafuta maji. Urojo usijaribu! Ndimu na ukwaju zinaichana bia vipande vipande, inabaki na ladha ya chuma. Halua, ambayo nilidhani itakuwa ndo yenyewe kwa sababu ya iliki na ule usukari wake, ilikuwa utamu juu ya utamu, niliacha kati (na hiyo nilijaribia kwangu chumbani, sio mbele ya mpishi, kuna mipaka). Samaki wa kuchoma mwenye pilipili na ndimu, hapo rudi kwenye Kilimanjaro yako ya baridi, kila kitu na mahali pake.

Wapo wataoniambia mbona Guinness ipo, Castle Milk Stout ipo, nyeusi ni nyeusi tu. Sio. Guinness ule weusi na uchungu unatoka kwenye shayiri iliyokaangwa mpaka ikawa kama buni, ndo maana inakupa kahawa mdomoni. Hizi hazina kahawa, weusi wao ni wa utamu. Castle Milk Stout iko karibu zaidi kwa ule ulaini, na kama huna pa kupata eli ya Kiskoti hapa kisiwani na unataka kujua ulimi wako unapenda upande huo, chukua Milk Stout, itoe friji, iache ipumzike, kunywa kwenye glasi ya waini. Haifiki, lakini utajua kama inafaa uendelee kutafuta au urudi zako kwenye laga.

Maana kuzipata ndo shughuli. Madukani hapa sijawahi kuziona, na biashara ya pombe Zanzibar ina mambo yake, mtakumbuka mwanzoni mwa 2024 baada ya vibali vya waagizaji kubadilishwa hata bia za kawaida ziliadimika mahotelini, tukawa tunawaambia wageni samahani mpaka midomo ikakauka. Kama zile za kila siku ziliyumba, nani ataleta makontena ya eli ya jumba la Uskoti. Kwa hiyo njia ni mtu. Na akishakuletea usiziweke stoo ukisema zitakua, ni kweli bia nzito za hivi kwao wanaziacha miaka kwenye chumba cha chini chenye ubaridi zinazidi kunoga, lakini hilo chumba la chini wewe huna, una bati juu na jua la saa nane. Joto linaziua, baada ya miezi zinaanza kunuka boksi lililolowa. Friji, zikae wima, zinywewe.

Kama una mgeni au ndugu anatokea huko mwambie alete House Ale mbili kwa kila Jacobite moja, sio kinyume chake, na azipakie kwenye begi la kwenda chini ya ndege, akizibeba mkononi wanaweza kumnyang'anya kwenye ukaguzi njiani halafu atakuja kukuhadithia tu zilivyokuwa.